Nyasi za Dada Yake

Mara ya kwanza kumwona mjomba wangu kwa akili za mtu mzima, aliingia kwenye kibanda changu cha kushonea akataka nimshonee nguo za nyasi.

Nilidhani nimesikia vibaya. Cherehani ilikuwa inapiga kelele, na nyuma ya pazia kulikuwa na mteja anajaribu blauzi. Nikaondoa mguu kwenye pedeli.

"Nguo za nini, mzee?"

"Za nyasi. Yaani vifuko. Vidogo, vya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na mdomoni viwe na uzi wa kukaza." Akafungua gazeti alilokuwa amelikumbatia. Ndani yake mlikuwa na mabua matatu makavu yenye vichwa vya rangi ya kutu. "Mbegu zake leo zimeiva, kesho zimeanguka, keshokutwa sisimizi wameshazibeba. Nataka kuvivisha vichwa kabla hazijadondoka."

Nyuma ya pazia mteja alicheka. Mzee hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kisha mikono yangu juu ya kitambaa, kisha mimi tena.

"Wewe ni mtoto wa dada yangu," akasema. "Vidole hivyo ni vyake."

Hapo nikajua ni nani. Nyumbani kwetu mtu huyo hakutajwa. Mama akilazimika kumsema alisema "yule," na marehemu baba, dereva wa lori aliyependa amani kuliko chakula, alikuwa na haraka ya kuleta habari nyingine. Lakini watu wa kule kilimani tulikotoka walikuwa na jina lake la utani, na hilo nilikuwa nimelisikia: Bwana Safisha.

Nilimshonea vifuko arobaini kutokana na pazia la wavu lililochakaa. Sikumwambia mama. Nilijiambia kazi ni kazi, mteja ni mteja. Alipokuja kuvichukua akaniomba, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kukubaliwa, niende siku moja nikaone jinsi vinavyovaliwa. Nikaenda. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilitaka kujua mtu anafanya nini hata dada yake wa tumbo moja amfute kama chaki ubaoni.

Aliniambia mwenyewe. Hakujificha nyuma ya mtu wala hakunitupia mafumbo.

Nyuma ya nyumba ya bibi, mama yao, palikuwa na mteremko mrefu wa nyasi za asili, zile zinazoota kwa mashungi. Si nyasi za kutandaa kama zulia. Kila shungi husimama peke yake, kama watu waliokuja mkutanoni kila mmoja na kiti chake, na kati ya shungi na shungi hubaki kijia cha udongo. Katika vijia hivyo vifaranga vya kwale hukimbia bila mwewe kuwaona. Mizizi yake huenda chini kupita kimo cha mtu, na mvua ikinyesha maji huifuata mizizi mpaka huko. Mama yangu alikata nyasi hizo tangu ubinti wake, akafunga mizigo ya kuezekea, akasuka mifagio, akabeba kichwani mpaka sokoni. Alichokipata ndicho kilichompeleka mdogo wake chuo cha kilimo.

"Nyasi ndizo zilizonisomesha," mjomba aliniambia, kama mtu anayekiri kosa mbele ya hakimu.

Alirudi kutoka chuoni bwana shamba kamili, na buti, na cheti, na neno moja kinywani. Safisha shamba. Safisha mpaka. Safisha mteremko. Huko alikotoka walimfundisha kwamba nyasi pori ni umaskini uliosimama, na kwamba kuna nyasi mpya ya kutoka ng'ambo, inatambaa, ina majani laini, ng'ombe mmoja anashiba alipokuwa ananusa tu. Aliamini. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kulitumia kujitetea: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyekuwa na haraka.

Mama alipokwenda hospitali kunizaa, mimi mtoto wake wa pekee niliyekuja kwa kuchelewa, alikaa huko siku tisa, maana sikutoka kwa amani. Siku ya nne trekta la idara ya kilimo likafika kilimani. Lilikuwa limepangiwa kijiji kingine, lakini daraja la huko lilikuwa limekatika, kwa hiyo likawa halina kazi kwa siku mbili. Mjomba aliona ni ngekewa. Alikuwa anatafuta mahali pa kufanya shamba la mfano, na mteremko wa nyumbani ulikuwa unaonekana kutoka barabarani.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage.

"Mwanangu, ngoja dada yako arudi," alimwambia.

"Mama, trekta la serikali halingoji mzazi."

Bibi alichukua ungo wake akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

Siku ya tisa mama alishuka kwenye lori la baba akiwa amenibeba. Mjomba alikuwa anamsubiri kwenye uzio, anatabasamu mpaka gego. Nyuma yake mteremko wote ulikuwa mwekundu, umegeuzwa tumbo juu.

"Dada, karibu! Umeona kazi?"

"Kazi gani?"

"Nimekusafishia."

Mama alinikabidhi kwa baba. Aliingia kwenye matuta, akainama, akaokota shungi moja lililong'olewa, akalishika kwa majani, mizizi ikining'inia na udongo bado umeikumbatia.

"Uliniuliza?"

"Dada, hizi ni takataka. Nyasi bora zinakuja. Mwaka kesho utanishukuru."

"Sijakuuliza habari za mwaka kesho. Nimekuuliza kama uliniuliza."

Hilo pekee, mjomba alisema, pengine lingesahaulika. Ndugu hugombana wakapatana. Kilichoharibu ni siku ya wageni. Wiki tatu baadaye walikuja wakubwa wa idara kulikagua shamba la mfano, pamoja na mpiga picha. Mama alikuwa anapita na ndoo ya maji, mimi mgongoni. Mjomba akamwita. Mama akadhani anataka kumtambulisha kwa heshima, akaweka ndoo chini, akajifuta mikono.

"Mabwana, huyu ni dada yangu," mjomba alisema. "Wenzake wanafuga ng'ombe. Yeye alikuwa anafuga nyasi."

Wageni walicheka. Mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Mpiga picha akapiga picha katikati ya kicheko, na mama yangu amesimama pale mikono bado haijakauka.

"Nilikuwa nimekiandaa kile kichekesho tangu usiku," mjomba aliniambia. "Hakikunitoka kwa bahati mbaya. Nilikiandaa."

Kabla wiki haijaisha lori la baba lilipakia kitanda, masufuria na cherehani ambayo baadaye nilijifunzia. Tulihamia mjini. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na mama alikwenda kumzika mama yake akarudi bila kumpa mdogo wake hata mkono.

Nyasi za ng'ambo zilistawi miaka miwili. Watu walikuja kuomba vipande vya kupanda. Mwaka wa tatu jua likakaza, na zile nyasi, ambazo mizizi yake haikuzidi urefu wa kiganja, zilikauka zote siku zilezile kama watu waliokula sumu pamoja. Udongo ukabaki uchi. Mvua iliporudi haikukuta wa kuipokea. Ikateremka na udongo. Kwanza palikuwa na mfereji anaouruka mtoto, kisha asiouruka mtu mzima, kisha korongo lililomeza njia ya kisimani na jiko la jirani. Kwale waliondoka. Mjomba wakati huo alikuwa ameshapandishwa cheo kwa shamba lilelile na kuhamishiwa mbali, kwa hiyo alisoma habari za korongo kwenye ripoti zilizoandikwa na wengine. Alizitia saini.

Aliporudi baada ya kustaafu, mkewe amefariki na watoto wametawanyika, alikuta mteremko mgumu kama sakafu. Ukipiga fimbo, unalia. Alizunguka siku nzima. Penye kona, karibu na nguzo ya mpaka, mahali ambapo trekta halikuweza kugeuka, palikuwa na mashungi matatu.

"Matatu," alisema akinionyesha kwa vidole, kama sijui kuhesabu. "Nilikaa nayo mpaka jua likazama."

Chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi alikigeuza ghala. Kulikuwa na makopo ya kahawa, chupa za dawa zilizooshwa, bahasha za kaki, kila kimoja na tarehe na idadi ya mbegu kwa mwandiko wa ofisini. Mbegu yenyewe ni kitu cha ajabu. Ina ncha kali mbele na nyuma ina mkia mwembamba uliopinda. Mkia ukilowa unajisokota, ukikauka unajisokotoa, na kwa kuzunguka huko mbegu hujichimbia yenyewe ardhini. Mjomba hakuwa anayajua hayo. Msimu wa kwanza alizipanda kama mahindi: shimo, mbegu, udongo, mguu juu. Hakikuota kitu. Msimu wa pili alizimwaga juu ya udongo siku ileile alipozichuma. Hakikuota kitu. Ndipo fundi mmoja wa kuezeka, mzee aliyekuwa anapita njiani, alipomwuliza:

"Bwana Safisha, umezilaza?"

"Kuzilaza vipi?"

"Mbegu hizi zikitoka kwa mama yao zimekasirika. Ziweke pakavu mwaka mzima, hasira zishuke, ndipo uzipande."

Mtu mwenye cheti cha chuo aliambiwa hivyo na mtu asiyejua kuandika jina lake, naye akachukua kalamu akaandika. Ndiyo maana alikuja kwangu kutaka vifuko. Mashungi matatu hayatoi mbegu nyingi, na kila moja iliyoanguka ilikuwa kama jino lililong'oka.

Nilianza kwenda kila nilipopata nafasi. Nyumbani nilisema nina mteja wa mbali, na haukuwa uongo wote. Mwaka ukapita, mbegu zikalala, mvua zikaja, tukazitandaza kwenye kitalu alichokitengeneza kwa mawe, tukazikandamiza kidogo tu kwa ubao. Wiki tatu baadaye nilifika asubuhi nikamkuta ameinama, kitalu ni cheusi, kisafi, hakina hata jani.

"Mjomba, mbona kitalu kitupu?"

"Nimepalilia. Magugu yalikuwa yameota kila mahali, membamba kama nywele. Nimeyawahi."

Alionyesha rundo dogo pembeni. Nilichuchumaa nikachukua gugu moja. Chini yake, palipotoka mzizi, kulikuwa bado na ganda lenye mkia uliojisokota.

Nitasema kweli: nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Bwana Safisha amejisafisha! Kisha nikamwona uso, na kicheko kikakatika. Mzee alikaa chini pale pale, kwenye matope, na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, akaweka mikono kichwani.

"Nimezisafisha tena," alisema.

Tulilichambua rundo lile mche kwa mche mpaka saa sita. Nyasi kumi na moja zilikuwa na mizizi mizima. Tukazirudisha ardhini, tukazifunika kivuli cha gunia. Zikapona nne. Sijawahi kuwajibika kwa kicheko kama nilivyowajibika kwa kile. Nilikwenda kila wiki kuzimwagilia.

Kutoka kwenye nne hizo na yale matatu ya kona, msimu uliofuata tulipata miche mingi, na fundi wa kuezeka alikuja mwenyewe kutuonyesha namna ya kuipanda mteremkoni: si kwa mistari, kwa sababu maji hupenda mistari, bali kwa kupishana kama magamba ya samaki. Mashungi themanini na kidogo yalishika. Kwale mmoja alionekana. Mjomba alikimbia kuniita kama ameona mfalme.

Mbegu zile hushika nguo. Nilijichambua kila nikitoka huko, lakini moja ilijificha kwenye pindo la gauni langu. Jioni moja mama alikuwa anapiga pasi, na mimi nakata kitambaa mezani. Nikasikia anasema "ah!" akatia kidole mdomoni. Akageuza pindo, akachomoa kitu. Alikiangalia chini ya taa. Kisha akakilamba, akakiweka kiganjani, na ule mkia ukaanza kugeuka polepole kama mkono wa saa. Mama aliutazama mpaka pasi ikaanza kunuka.

"Umetoka wapi na hii?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Kilimani, mama."

"Kwa yule."

"Ndiyo, mama."

Alizima pasi. Nilingoja moto. Badala yake akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Zimeota?"

"Zimeota."

"Ngapi?"

"Themanini na kidogo."

Alikifunga kiganja. "Jumamosi unitafutie gari."

Mjomba alifagia uwanja mara mbili siku ile. Aliazima viti viwili kwa jirani ingawa alikuwa na vinne. Alivaa koti. Gari liliposimama alikuja mpaka mlangoni, na mama aliposhuka na fimbo yake, yeye mzee wa miaka sitini na kitu aliinama kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Miaka thelathini na tatu, na maneno matatu. Mama alimpita, akapita viti, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Tulimfuata. Alisimama juu ya mteremko akatazama korongo kwa muda mrefu, maana alikuwa hajaliona kwa macho yake. Kisha akaingia kati ya mashungi. Alishika moja, akalivuta kupima mizizi, akapitisha bua kati ya meno, akanusa.

"Hii ni ile ya mifagio."

"Ndiyo, dada," mjomba akasema, na uso ukamng'aa.

"Na nyingine ziko wapi?"

"Nyingine zipi?"

Mama aligeuka akamtazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aligundua kwamba mdogo wake hakujua. Alikuwa amemchukia miaka yote hiyo kama mtu aliyejua.

"Zilikuwa tano," alisema. "Wewe ulidhani ni moja?"

Mjomba alitoa daftari mfukoni. Mama akamtajia, na mimi nikasikia mama yangu anasema mambo ambayo sikujua anayajua. Hii ya mifagio. Ya kuezekea, ndefu, inakua chini karibu na maji, bua lake lina nundu. Ya kwale, fupi, imekunja majani kama kikapu, humo ndimo wanamotagia. Ya harufu, ukiitia ndani ya godoro wadudu wanahama. Na ya tano...

Akaliachia bua alilokuwa amelishika.

"Ya tano ilikuwa inatangulia," akasema. "Mvua ya kwanza tu, kabla nyingine hazijaamka, hiyo imeshachanua. Maua yake... mama alikuwa na jina lake. Alikuwa anasema, fulani amechanua, tukapande." Akafumba macho. "Limenitoka. Na ua lenyewe silioni vizuri. Lilikuwa jeupe? Sijui. Nilikuwa naliona kila mwaka, nitaliwekea kumbukumbu ya nini?"

Mjomba alikuwa ameandika "5" na nukta mbele yake.

"Ungeniuliza siku ile," mama akasema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, "ningekutajia zote. Na hata kama mimi ningekuwa nimesahau, mama alikuwepo. Alikuwa amekaa pale mlangoni."

"Alikuwa amekaa," mjomba akasema. "Na ungo."

Baadaye alinionyesha nakala ya ripoti aliyoiandikia idara kabla ya kulima. Sehemu iliyouliza mimea iliyopo aliijaza kwa mstari mmoja: nyasi pori, hazina thamani.

Kuanzia siku hiyo mjomba alikuwa mtu wa kutembea. Ya kuezekea aliipata kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, fundi wa kuezeka akithibitisha nundu zake. Ya kwale aliikuta ndani ya uzio wa kiwanja kidogo cha ndege, na mlinzi alimweka chini saa mbili akitaka kujua mzee mwenye mkasi na mifuko ya pazia anatafuta nini kwenye njia ya ndege. Mwishowe mlinzi mwenyewe ndiye aliyemkatia. Ya harufu ilimchukua miaka miwili, akaipata makaburini, inaota juu ya kaburi lisilo na mtu wa kulifagia. Ya tano hakuipata. Kila mvua ya kwanza aliamka akatembea, akarudi na buti zimejaa matope na daftari halina kitu. Aliwauliza wazee wa vijiji saba. Kila mmoja alikumbuka kwamba ilikuwepo.

Mama naye akawa anakwenda kila msimu wa kukata. Walizungumza, lakini habari za nyasi tu. Hii imekomaa. Ile iache imwage mbegu kwanza. Usikate chini hivyo, utaiua. Ukiwasikiliza kwa mbali ungedhani ni wazee wasiokuwa na tatizo duniani. Mjomba aliniambia mara nyingi kwamba ana neno anataka kumwambia dada yake kuhusu siku ya wageni. Alikuwa analifanyia mazoezi. Niliwahi kumsikia ghalani analisema peke yake kwa makopo.

Siku moja nilikuwepo. Mama alikuwa anafunga mzigo wa nyasi za kuezekea, goti juu yake, kamba mkononi. Mjomba alisimama pembeni akavua kofia.

"Dada," akasema. "Ile siku ya wageni..."

"Shika huo mwisho wa kamba," mama akasema.

Akashika. Mama akakaza, akafunga fundo, akasukuma mzigo pembeni, akaanza mwingine. Mjomba alivaa kofia yake. Aliendelea kushika miisho ya kamba mpaka kazi ikaisha, na tulipokuwa tunaondoka alisema safari njema, dada, kama kawaida.

Homa ya mapafu ilimchukua mjomba kiangazi kilichofuata, kwa siku sita tu. Mama alifika hospitali siku ya tano, akamkuta hawezi kusema tena. Alikaa kando ya kitanda ameshika shuka.

Baada ya maziko tulibaki sisi wawili kupanga vitu vyake. Mama alikuwa ghalani, anasogeza makopo dirishani ili asome tarehe. Nilikuwa na swali lililokuwa linanikereketa tangu siku ya kamba, na nikaona nisipouliza leo sitauliza kamwe.

"Mama, kwa nini hukumwacha amalize?"

"Amalize nini?"

"Alitaka kukuomba radhi. Siku ile unafunga mizigo. Ukamkatiza."

Mama aliweka kopo chini. Nilimwona anarudi nyuma kichwani mwake, anaitafuta siku hiyo, anaipata.

"Nilimwambia ashike kamba," alisema. "Sikumwambia anyamaze." Akakaa juu ya gunia. "Mzigo ulikuwa unafumuka. Nilijua anataka kusema nini, nilikuwa nalingoja neno hilo miaka yote ile. Nikasema nikishafunga huu, ataendelea. Nikafunga. Nikamngoja. Nikafunga na wa pili. Nilidhani ameghairi."

"Yeye alidhani umemkataza."

"Kumbe," mama alisema. Alisema tena, "Kumbe," akaliokota kopo, akalisogeza dirishani.

Korongo bado lipo. Juu kabisa, mashungi yalipokamata, kingo zake zimeacha kubomoka na maji yanayoteremka hapo sasa si mekundu sana. Chini linaendelea kula. Kwale nimewahesabu kumi na wanne. Mvua zilizopita tulipanda miche mia mbili, theluthi yake ikafa kwa sababu nilichelewa kuja na mama hawezi tena kubeba maji. Watu wa kule wameanza kuomba mbegu, nami nawapa, na kila anayeomba namwuliza kwanza kuna nini kwenye shamba lake sasa hivi, na nani anakijua. Wengi wananiona msumbufu. Mmoja aliniambia shamba lake halina kitu, ni nyasi pori tu. Nilifunga kibanda changu siku nzima nikaenda naye kuangalia.